Gunia la Sikukuu ya Mavuno

Kazi ya kwanza niliyolipwa maishani mwangu ilikuwa kushona magunia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo nyumbani hayakuzungumzwa mbele ya wageni, na mjomba wangu alikuwa mnunuzi wa viazi mviringo katika vijiji vya mkoa wa Njombe. Alinipa sindano ndefu ya chuma, ncha yake imepinda kidogo, akanipa fungu la kamba za katani na agizo moja: "Mpwa, gunia lisicheke." Gunia linalocheka ni lile lililoshonwa ovyo mdomoni mpaka viazi vinachungulia kama meno. Malipo yalikuwa shilingi 200 kwa kila gunia. Nilijifunza upesi.

Nilichokuwa nikishona kinaitwa lumbesa, na wengine huandika rumbesa. Kwa asiyejua: gunia la kawaida huingia debe sita, na Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kuna Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, ambao kazi yake mojawapo ni kulisimamia jambo hilo. Lumbesa ni gunia ambalo halijasikia habari hizo. Likijaa hadi mdomoni hulifungi. Unachana gunia la pili, unalishona juu ya lile la kwanza kama kofia, unaendelea kumimina. Au unasuka kamba juu yake mfano wa wavu, viazi vinapangwa kwa mkono, kimoja kimoja, mpaka kinatokea kichuguu. Kijana mwepesi anapanda juu na kushindilia kwa miguu. Mara nyingi kijana huyo alikuwa mimi.

Mkulima analipwa bei ya gunia moja. Shambani neno kilo halitajwi kabisa. Linalala huko kwenye lori na kuamkia mjini. Likifika sokoni Dar es Salaam gunia lilelile linafunguliwa, na hapo kila kiazi kinakumbukwa. Kinapimwa, kinagawanywa kwenye ndoo na sado, na baadhi ya sado hizo zimegongwa kitako kikaingia ndani. Kipimo kinatanuka wakati wa kununua na kunywea wakati wa kuuza. Ushuru wa halmashauri nao ulitozwa kwa gunia, kwa hiyo hata zahanati ya kijiji ilipunjwa pamoja na mkulima, ingawa hilo nililielewa miaka mingi baadaye.

Hakuna aliyeuita wizi. Uliitwa utaratibu. Wanunuzi wote walifanya hivyo, na mkulima aliyegoma alibaki na viazi vyake vikichipua gizani, maana kiazi si mahindi. Hakingoji bei ipande. Mvua zikianza barabara inageuka tope, lori halipandi, na ada ya shule ina tarehe. Ukitaka kujua kwa nini mtu mzima mwenye akili timamu anakubali kutoa kilo 140 kwa bei ya 100, anza na tope hilo kabla ya kumwita mjinga.

Mjomba wangu alikuwa mzee wa kanisa.

Najua msomaji ameshaanza kumchora: mnafiki, tumbo kubwa, kilemba cha ukoka. Naomba aifute picha hiyo, kwa sababu ikiwa mjomba alikuwa mtu wa aina hiyo basi hadithi hii haituhusu mimi wala yeye. Mjomba aliamka saa kumi na moja alfajiri kwenda sala ya jumuiya, kwenye baridi ile ya Njombe ambayo inamfanya mtu aongee moshi. Nilimwona akilia kwenye maombi, machozi ya kweli, hakuna aliyekuwa akimtazama isipokuwa mimi niliyefumbua jicho moja. Hakunywa pombe. Hakumpiga mke wake. Usharika ulipoanza kuezeka kanisa jipya, alitoa mabati 80, na jina lake likasomwa kwenye matangazo Jumapili mbili mfululizo. Imani yake ilikuwa ya kweli kama kamba ya katani. Tatizo ni mahali ilipofungwa.

Mwenye kukulia katika makanisa yetu ya Kilutheri anaujua mnada wa Jumapili. Ibada ikiisha tunatoka kwa maandamano, tunasimama uani, na sadaka zilizoletwa kwa mazao zinauzwa: mayai matano kwenye kikapu, jogoo aliyefungwa miguu, kabichi, chupa ya maziwa ya mgando. Anayenunua anajua analipa kuliko bei ya sokoni, na ndiyo raha yenyewe. Mjomba alikuwa bingwa wa mnada huo. Jogoo wa mtoto yatima angefika bei ya mbuzi, kisha mjomba angemrudishia mtoto jogoo wake. Vigelegele! Siku ya Jumapili alinunua kwa ukarimu kupita watu wote wa usharika, na Jumatatu asubuhi tulipakia magunia matupu kwenye Fuso na kwenda kununua kwa watu walewale.

Nilikuwa nimepata kipaimara miaka mitatu nyuma. Yeyote aliyepita darasa hilo amekariri Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529, na ukimwamsha usiku wa manane atakupa maelezo ya amri ya saba kabla hajakumbuka jina lake. Luther hakuishia kwa mwizi anayeruka ukuta. Alitaja wazi kupata mali ya jirani kwa bidhaa mbovu na kwa biashara ya hila. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka huohuo aliwachambua watu wa sokoni, wenye vipimo vya uongo na mizani ya uongo, na akasema wapo wanyang'anyi wanaokaa vitini na kuitwa waheshimiwa. Niliyajua maneno ya ile ndogo kwa moyo. Mjomba aliyajua. Mama niliyekuwa nikishindilia viazi vyake aliyajua pia. Tulikuwa watu watatu tuliosimama kando ya gunia moja, wote tumekariri, na sindano ikiendelea kupita.

Mama huyo alikuwa mjane wa bondeni, wa jumuiya yetu. Tulifika kwake kila msimu. "Kamwene," mjomba angesema langoni, naye angejibu, angetutandikia benchi, angeleta chai. Msimu mmoja alilitazama gunia nililomaliza kushona, akalizunguka, akauliza kwa upole kabisa:

"Mzee, hili ni gunia moja au ni mawili yameoana?"

Tulicheka wote. Mjomba alicheka kuliko wote. "Mama yangu, soko ndilo linataka hivyo. Sisi tumetumwa tu." Kisha alivua kofia, akatuombea, akaombea shamba, akaombea wanawe mmoja mmoja kwa majina. Tulipokuwa tunaondoka alimwachia zawadi ya sukari. Ilikuwa kilo moja kamili, imefungwa kiwandani, na nakumbuka nilimwona yule mama akiipima mkononi, akiinua na kushusha, kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu.

Mwaka uleule kijana mmoja mchukuzi aliteleza kwenye ubao wa lori ukiwa umelowa, na gunia likamwangukia mgongoni. Mjomba alilipa hospitali yote. Jumapili iliyofuata tulimwombea kijana huyo, na mwombaji alimkemea shetani wa ajali kwa sauti kubwa. Uzito wa gunia haukutajwa. Sijui kama shetani alikuwepo siku ile. Gunia nililishona mimi.

Nikisoma Amosi sasa nashangaa jinsi tulivyoweza kumsikiliza. Mchungaji aliwahi kuhubiri kutoka kitabu chake, ile sura ya nane ambapo wafanyabiashara wa Israeli wanaona sabato inachelewa kwisha, wanataka wafungue ghala, wapunguze kibaba na kukuza jiwe la kupimia fedha, na hata makapi ya ngano wayauze. Amosi alikuwa mchungaji wa mifugo kutoka Tekoa na mtunzaji wa mikuyu. Mtu wa shamba, bila shaka naye alishawahi kupimiwa na wengine. Mjomba aliitikia "Amina" mara kadhaa. Alidhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba mahubiri yale yaliwahusu Waisraeli na labda Wahindi wa mjini. Neno la Mungu lilipita juu ya vichwa vyetu kama ndege ya abiria: tuliliona, tukalionyesha kwa kidole, likaenda zake.

Ndipo ikaja Sikukuu ya Mavuno.

Mjane yule alikuwa na mwana wa rika langu. Tulimaliza shule pamoja na tuliimba sauti ya tatu pamoja kwenye kwaya ya vijana. Asubuhi ya sikukuu alikuja na mkokoteni, na juu yake lumbesa la viazi limevaa kofia, limeshonwa vizuri kiasi kwamba nilijua kwa kuangalia tu kwamba aliiga mshono wangu. Wanaume wanne walilibeba hadi mbele, likawekwa chini ya madhabahu kati ya maboga na mahindi ya mashuke. Ibada nzima lilikaa pale kama mgeni mnene aliyekosa kiti.

Kwenye mnada lilitunzwa hadi mwisho. Mnadishaji wetu, mtu wa utani mwingi, alilipiga kofi. "Gunia moja la viazi! Nani ataanza?"

"Samahani, mwanangu," mama akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini uwanja mzima ulisikia. "Hili liuzwe kwa kilo."

Mwanawe alifunua turubai kwenye mkokoteni. Chini yake kulikuwa na mizani ya chama cha ushirika. Sijui alimwomba nani. Walilipandisha gunia, watu wakasogea, na mwenye macho mazuri akasoma: 146.

"Serikali inasema gunia ni 100," mama akaendelea. "Hizo 100 ni za Bwana, nimezitoa kwa moyo. Hizi 46 za juu huwa nazitoa kila msimu, na sijawahi kuambiwa ni za nani. Leo tuko mbele ya kanisa, nikaona niulize."

Kuna ukimya wa kanisani na kuna ukimya wa uani. Ule ulikuwa wa tatu. Watu hawakumtazama mjomba; walitazama viatu vyao, jambo ambalo ni baya zaidi. Mchungaji alifungua mdomo na kuufunga. Mimi nilikuwa nyuma ya kwaya, na vidole vyangu, naapa, vilikuwa vinauma palepale sindano inapokaa.

Mara nyingi nimeirudia dakika ile. Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele ya mjomba, na kwa upana ambao watu wengi hawapati maishani. Mama hakumtukana, hakumtaja jina. Alimwachia nafasi ya kusema sentensi moja. Zakayo wa Yeriko alisema sentensi kama hiyo akiwa amesimama nyumbani kwake, umati ukinung'unika nje, na Luka hajatuandikia kwamba aliahidi kujenga sinagogi. Alizungumzia maskini, na watu aliowatoza kwa hila, na mara ngapi atawarudishia.

Mjomba akainua mkono. Akataja bei.

Ilikuwa bei ya magunia matano. Mnadishaji, ambaye alikuwa anatafuta pa kukimbilia, alidaka. "Mara ya kwanza! Mara ya pili!" Vigelegele vikaanza, mwanzoni vya mashaka, halafu vikashika kasi, kwa sababu watu walitaka sana siku ile irudi kuwa sikukuu. Mara ya tatu, likawa lake. Alilipa palepale, noti mpya. Mchungaji alimshukuru Mungu kwa ajili ya watumishi wanaotoa bila kuhesabu. Mama alikunja kitenge chake akakaa kwenye ukingo wa ukuta. Mjomba alikuwa amenunua ukimya wake.

Tangu siku hiyo mwana wa mjane hakurudi kwenye kwaya. Nilipomfuata, aliniambia tu kwamba sauti ya tatu ina watu wa kutosha. Kanisani tulimweka kwenye orodha ya vijana waliopoa kiroho, tukamwombea.

Ningependa kuandika kwamba mimi niliacha kazi. Nilishona misimu miwili zaidi. Nilikuwa naweka fedha za chuo, na niliziweka vizuri. Cheti nilichonacho leo, na kazi ya kuandika inayonilisha, vimetoka kwenye kofia za magunia. Nilijitetea kwamba mimi ni mkono tu. Wazo la kwamba mkono hauna dhambi ni la zamani sana, na linapendwa na mikono yote.

Miaka ilipita. Mjomba alipata kiharusi, upande wa kulia ukafa. Wapo waliosema Mungu amemlipa. Mimi sisemi hivyo na sipendi kusikia. Ukoo wetu una presha toka kwa babu, na wakulima waliopunjwa nao wanapata kiharusi vilevile, tena bila fedha ya kwenda hospitali. Nitakalolisema ni kwamba mtu aliyezoea kuzunguka, akilazimika kukaa barazani kutwa nzima, anaanza kusikia vitu alivyokuwa anavipita kwa gari.

Aliyekuwa akimtembelea zaidi alikuwa mwinjilisti mstaafu aliyewahi kuishi Bukoba. Huyu alikuwa mtu wa Uamsho, ule uliochipuka Uganda na Gahini, Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930, ukavuka mpaka kuingia kwetu kupitia mkoa wa Kagera. Mzee huyu hakuwa na mahubiri. Alikuwa na hadithi. Alisimulia habari za watu ambao, baada ya kuokoka, kitu cha kwanza walichotafuta kilikuwa njia ya kwenda kwa waliyemkosea: huyu amebeba jembe la jirani, yule amekwenda kwa mwajiri wake kusema alichochukua. Wenyewe waliliita jambo hilo kutembea nuruni. "Walikuwa wanachosha," mwinjilisti alisema siku moja na kucheka. "Mtu anakuja usiku kukuungamia jambo ulilokuwa umeshalisahau. Unalala umekasirika upya." Lakini aliongeza kwamba katika kijiji chao, kwa miaka kadhaa, mlango wa duka ulifungwa kwa kipande cha kamba.

Wiki chache baadaye nilipigiwa simu. "Mpwa, yale madaftari yako yapo?"

Yalikuwepo. Nilikuwa karani pia, nikiandika majina na idadi ya magunia. Nilikwenda Njombe nayo manne, tukakaa barazani. Akaniambia nihesabu kilo 40 za ziada kwa kila gunia, maana yapo yaliyozidi hapo na yapo yaliyopungua. Mjane wa bondeni peke yake, katika misimu minne, alikuwa ametuuzia magunia 61. Kilo 2,440. Mjomba aliikariri namba ile kwa mdomo uliopinda upande mmoja. Mwinjilisti akatukumbusha sheria ya Walawi, sura ya sita: aliyemdhulumu mwenzake arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano, na amlipe mwenyewe siku ileile anayoleta sadaka ya hatia kwa Bwana. Kwa hiyo 2,928. Nilitaja kwamba Zakayo alirudisha mara nne. Mjomba alinyamaza muda. "Zakayo alikuwa na afya," akasema.

Bado alijaribu njia ya mkato, na siwezi kumlaumu, maana ndiyo aliyoijua. Alifanya jumla ya daftari la kwanza, akaweka fedha kwenye bahasha ya sadaka, akaipeleka kanisani kwa mkono wa mjukuu. Mchungaji alikuwa mpya, kijana ambaye bado wazee walikuwa wanamwita "mwanangu" kwa kumpima. Kesho yake alikuja mwenyewe na bahasha. "Shikamoo, mzee. Hizi nimezirudisha. Zina wenyewe." Mjomba alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Kumpa Mungu ni rahisi, Mungu haji mlangoni na uso. Ukimpa jirani inabidi umtazame.

Fuso iliuzwa. Nilimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu kutoka mlango hadi mlango, palipofikika, pasipofikika tuliwaita. Hayakuwa mambo ya kupendeza kama ushuhuda wa kanisani. Bibi mmoja alilia, akakataa kupokea, kisha akatuma mjukuu kuzifuata jioni. Mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa na kusema kwamba naye alikuwa akitia mawe mawili matatu chini ya gunia, kwa hiyo tusubiri apige hesabu upya. Mwingine alidai riba. Mmoja alifunga mlango. Na binamu zangu, watoto wa mjomba, waliitisha kikao cha ukoo: baba anagawa urithi wetu, akili imeguswa na ugonjwa, na huyu mpwa ndiye anayemshika mkono. Katika kikao hicho shangazi yangu mmoja, mwanamaombi maarufu, aliuliza kwa nini asitubu tu kimoyomoyo kama watu wengine.

Tulilipa watu 11. Mjomba alifariki tukiwa katikati ya daftari la pili, na msiba ulijaa. Magari yalifika hadi barabara kuu. Kwenye wasifu wake yalisomwa mabati 80. Milango ile 11 haikusomwa, familia iliona ni aibu.

Madaftari yalibaki kwangu. Kwa miezi mingi niliyaweka juu ya kabati, halafu nikaanza kuhesabu upande wangu, magunia niliyoshona mara shilingi 200, na nikaona hesabu ile haina mwisho wa maana, kwa sababu shilingi 200 zilikuwa ndogo sana karibu na nilichokuwa ninakifunga. Mjane wa bondeni alikuwa amekufa kabla hatujafika zamu yake. Nilimuwazia mara nyingi akiinua na kushusha ile sukari. Mwaka jana, msimu wa viazi, nilichukua fedha zangu za akiba, zile za kilo 2,928 kwa bei ya siku hiyo, nikapanda basi.

Mwanawe nilimkuta kando ya barabara ya vumbi, kwenye kituo cha kununulia. Alikuwa amenenepa. Lori lake lilikuwa jipya, na kwenye kioo cha mbele kulikuwa na maandishi ya kumshukuru Mungu. Alinitambua kabla sijasema, akanikumbatia, akaniuliza habari za kwaya. Nilimweleza kilichonileta. Sikutengeneza maneno, nilisema ni za mama yake, kilo za juu, pamoja na sehemu ya tano, na kwamba mjomba alifia njiani akimwendea.

Alinitazama muda mrefu. Nilidhani atalia, au atanipiga. Alichukua bahasha, akahesabu, akahesabu tena, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti.

"Asante, kaka," akasema. "Mama angefurahi."

Nyuma yake mwanamke mmoja alikuwa amesimama na kitenge kimekazwa kiunoni, akitazama viazi vyake. Kijana wa kama miaka kumi na saba alikuwa juu ya gunia, akishindilia kwa miguu, sindano ameibana kwa meno.